Nimehamia faiba, spidi imeshuka: nimepigwa?

SWALI: "Habari za kazi, mtaalamu. Nina steshenari Chikongola, hapa Mtwara mjini. Fremu ipo mbele, nyuma ndiko tunakoishi. Kwa miaka mitatu nimetumia ruta ya laini ya 4G. Mwezi uliopita nikahamia kampuni nyingine, wakanifungia faiba ya Mbps 20. Sasa chumbani simu inapima 5 au 6, wakati ruta ya zamani iliwahi kunipa 35. Nikipakua kitu kwenye kompyuta ya dukani, inaandika 2.3 tu. Jioni watoto wakirudi mtandao unakuwa mzito, mteja anasubiri fomu ya mkopo wa chuo na ukurasa haufunguki. Printa ya waifai haionekani, kamera za ulinzi sizioni tena nikiwa mbali, na fundi ananiambia nilipie IP maalumu. Umeme ukikatika ndiyo kabisa. Majirani wanasema faiba ya mtaani tunagawana, wenye matumizi makubwa wanatumaliza. Nimepigwa? Nirudi kwenye laini yangu ya zamani?"

JIBU: Hujapigwa, angalau si kwenye waya unaoingia nyumbani. Ushahidi umeuleta mwenyewe: ile 2.3 inayoandikwa na kompyuta wakati wa kupakua. Kompyuta huhesabu kwa megabaiti, kampuni huuza kwa megabiti, na baiti moja ina biti nane. Zidisha 2.3 kwa 8, unapata 18.4. Kifurushi cha Mbps 20 hakipimi 20 kamili, kwa sababu sehemu ya nafasi huliwa na maelezo ya njia yanayosafiri pamoja na data yenyewe. Ukiona 18 hadi 19, umepewa chako. Maana yake kompyuta ya dukani ilikuwa inapata karibu kila ulicholipia, wakati wewe unaona umepewa makombo.

Tofauti ipo kwenye herufi moja. Mbps yenye b ndogo ni megabiti, MB/s yenye B kubwa ni megabaiti. Ukitaka kuhakikisha kwa saa ya ukutani, faili la gigabaiti moja kwenye laini ya 20 huchukua kama dakika 6 na sekunde 40. Likichukua saba au nane, laini yako ni nzima.

Kwa hiyo swali linahama. Kama 18 zinafika dukani, kwa nini chumbani zifike 5? Ulipohama hukubadilisha kampuni peke yake. Siku ileile ulibadilisha mahali ruta inapokaa, redio ya waifai inayorusha mawimbi, namba za anwani ambazo vifaa vyako vinaitana kwazo, na chanzo cha umeme wa ruta. Karibu kila unacholalamikia kinatoka kwenye hivyo vinne, na kampuni ya zamani na mpya hazihusiki.

Kwanza tuimalize ile 35, maana naona imekukaa moyoni. Ilikuwa ya kweli. Vifurushi vingi vya laini huhesabu gigabaiti ulizotumia na haviweki kikomo cha spidi, kwa hiyo mnara hukupa kilichopo kwa wakati huo. 4G ya kawaida, mnara ukitumia upana wa megahezi 20, inaweza kufikisha megabiti 150 hali ikiwa bora kabisa, na hizo zinagawanywa kwa kila simu iliyo upande uleule wa mnara. Saa tisa usiku, mtaa umelala, unabaki na wachache na 35 inapatikana bila shida. Saa mbili usiku kila mtu yuko kwenye video. Msimu wa korosho mji ukijaa wageni mnara ni uleule, na siku matokeo ya NECTA yanapotoka unajua mwenyewe hali inavyokuwa. Faiba yako imefungiwa kikomo cha 20. Haitafika 35 hata usiku wa manane, lakini pia haina sababu ya kushuka hadi 2 jioni. Ukilinganisha huduma hizi mbili, linganisha jioni na jioni, tena zaidi ya mara moja.

Sasa maneno ya majirani. Ni kweli faiba ya mtaani hugawanywa: uzi mmoja hutoka kituoni, ukifika kwenye boksi la nguzoni unagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Lakini piga hesabu. Teknolojia inayotumika zaidi kwenye faiba za majumbani hushusha karibu megabiti 2,488 kwa sekunde kwenye uzi huo mmoja. Gawa kwa nyumba 64, hata zote zikipakua kwa mpigo kila moja inabaki na 38. Wewe umenunua 20. Jirani anayeangalia mpira kwenye televisheni kubwa hawezi kukumaliza kwenye uzi huo. Msongamano ukiwepo, unakuwa mbele zaidi: kampuni imenunua nafasi ndogo ya kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, au ya kutoka Dar kwenda nje ya nchi, kuliko wateja iliowauzia. Hilo linatokea kweli, na lina namna ya kulipima.

Upimaji wa simu ukiwa umekaa kitandani hausemi lolote kuhusu kampuni. Chukua laptopu na waya wa mtandao, chomeka kwenye tundu lililoandikwa LAN1 nyuma ya kisanduku cha faiba, yaani ruta yako mpya. Zima waifai ya laptopu na waambie watoto watoe simu zao kwenye mtandao kwa dakika tano. Fungua ukurasa wa kupima spidi, na kabla ya kubonyeza badilisha seva, yaani kompyuta ya mbali unayopimia nayo: chagua iliyoko Dar es Salaam. Andika namba tatu: kushusha, kupandisha, na ule muda wa kwenda na kurudi unaoandikwa kwa milisekunde. Halafu rudia kwa seva ya mbali, Johannesburg au London. Fanya hivyo saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, kwa siku tatu. Kila kipimo kwenye laini yako hula megabaiti 30 hadi 50 hivi. Kwenye faiba isiyohesabu data hilo si kitu, ila usiigeze kwenye bando dogo la simu ukashangaa limeisha.

Kusoma majibu ni rahisi. Ukipata 18 asubuhi na 17 usiku kwa seva ya Dar, kampuni inatimiza ahadi na tatizo liko ndani ya nyumba. Ukipata 18 asubuhi na 4 usiku kwa waya, siku zote tatu, kampuni imebanwa, na hapo una hoja ya kudai. Ukipata 18 kwa Dar lakini 3 kwa London, njia ya nje ya nchi ndiyo iliyobanwa au ina hitilafu. Kumbuka Mei 2024, nyaya mbili za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa wakati mmoja na Tanzania yote ikahangaika. Siku kama hiyo, kubadilisha ruta au kumpigia fundi ni kupoteza vocha.

Kuhusu milisekunde, usitarajie namba za mtu wa Kariakoo. Kutoka Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560 kwa barabara. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake ni karibu milisekunde 6 kabla mtambo wowote haujaongeza wa kwake. Ukiona 10 hadi 25 kwa seva ya Dar, uko vizuri. London kuzidi 150 ni kawaida. Ikiwa Dar unapata 80 au 100 kwa waya, nyumba ikiwa tulivu, kuna kitu njiani cha kuulizia.

Jambo la jioni nalihisi hata kabla hujapima. Watoto wakirudi, simu zao zinajiunga na waifai, na simu nyingi zimepangwa kupandisha picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni zikiona waifai tu. Kwenye laini ya 4G mlikuwa mnahesabu MB, kwa hiyo labda mlizuia jambo hilo. Faiba ilipokuja, kizuizi kikaondolewa. Upande wa kupandisha ukijaa, hata kushusha kunakwama, kwa sababu kila unachokipokea kompyuta yako inarudisha taarifa fupi ya "nimepata", na taarifa hiyo inasubiri nyuma ya video za mwanao. Ni kama foleni ya kivuko cha Msangamkuu: mwenye baiskeli aliyebeba barua hahitaji nafasi kubwa, lakini akikuta malori matano mbele yake atasubiri kama lori la sita. Angalia mkataba wako uone kupandisha umepewa ngapi. Vifurushi vingine ni 20 kwa 20, vingine ni 20 kushusha na 5 tu kupandisha, na hiyo 5 inajazwa na simu moja.

Kulithibitisha ni kazi ya dakika mbili. Kwenye kompyuta ya dukani fungua kisanduku cha amri kwa kuandika cmd, kisha andika ping 1.1.1.1 -t na uache iendelee. Nyumba ikiwa kimya utaona namba za milisekunde zinazokaribiana. Mwambie mtu apandishe video moja ndefu kwa simu. Namba zikiruka kutoka 20 hadi 400 au zaidi, ugonjwa umeupata. Dawa ya kwanza haina gharama: kwenye simu za nyumbani zima upandishaji wa picha wa moja kwa moja, au upangwe ufanyike usiku wa manane. Dawa ya pili iko kwenye ruta yenyewe, kama ina sehemu ya QoS (ya kupanga nani apite kwanza) au ya kuweka kikomo kwa kila kifaa: simu za watoto zipe megabiti 1 au 2 za kupandisha, kompyuta ya dukani iache huru.

Tuje chumbani sasa. Fundi wa faiba kwa kawaida hufunga kisanduku pale waya unapoingilia, yaani dukani kwenye kona ya mbele, mara nyingi chini ya meza au nyuma ya mashine ya fotokopi. Ruta yako ya zamani ilikaa wapi? Kama ilikuwa sebuleni au dirishani katikati ya nyumba, ilikuwa inapiga pande zote bila kizuizi kikubwa. Sasa mawimbi yanatoka mbele kabisa, yanapita ukuta wa tofali za saruji, wa pili, pengine friji na kioo cha kabati, ndipo yafike kitandani. Bati, nondo na maji ndiyo adui wakubwa. Simtanki lililojaa likiwa kati ya ruta na chumba linanyonya mawimbi vibaya mno. Na wenye nyumba za kale za Mikindani, zile za kuta nene za mawe, wasitegemee ruta moja ivuke hata ukuta mmoja kwa heshima.

Halafu kuna aina mbili za mawimbi. Ya gigahezi 2.4 yanakwenda mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi, lakini yamejaa: ruta za majirani, vifaa vya blutuu, hata tanuri la maikrowevu. Ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa ila yanachoka haraka ukutani. Visanduku vya bei nafuu vina 2.4 peke yake, angalia kibandiko cha chini. Pakua programu ya kuchunguza waifai kwenye simu na utembee nayo nyumbani. Nguvu husomwa kwa dBm, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Ikisoma kati ya -50 na -60, pazuri. -67 inatosha. Ikishuka chini ya -75, ndiyo hiyo 5 yako. Programu hiyohiyo itakuonyesha majirani wako kwenye chaneli zipi. Kwa 2.4 tumia 1, 6 au 11 tu, ile yenye watu wachache, na upana uweke megahezi 20. Wengi huweka 40 wakidhani ni bora, kumbe wanagongana na mtaa mzima.

Ukishabadilisha chaneli na kukinyanyua kisanduku kutoka sakafuni hadi usawa wa kichwa, pima tena. Kama chumbani bado hakufai, una njia tatu. Ya kwanza ni kumwita fundi akisogeze kisanduku katikati ya nyumba. Usikivute mwenyewe, nitaeleza sababu. Ya pili ni kile kirudishi cha kuchomeka kwenye soketi ambacho maduka ya simu hupenda kukuuzia. Mimi sikipendi: kinapokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo spidi inagawanyika karibu nusu, na watu hukichomeka palepale ambapo mawimbi yameshakufa. Ya tatu ndiyo ningeichagua kwa nyumba yako. Vuta waya wa mtandao kutoka kisandukuni hadi nyuma, ufunge kituo cha pili cha waifai huko. Waya huo unafanya kazi hadi mita 100, kwa hiyo umbali si shida.

Kituo hicho cha pili unacho tayari: ruta yako ya zamani. Toa laini, ingia kwenye mipangilio yake, ipe anwani ya 192.168.100.2 kama kisanduku kipya ni 192.168.100.1, kisha zima DHCP ili isigawe anwani. Waya uchomeke kwenye tundu la LAN, si la WAN. Ipe jina na neno la siri sawa na la kisanduku kipya, chaneli iwe tofauti. Ruta chache zimefungwa na kampuni na hazikubali mabadiliko hayo, hapo utanunua nyingine ndogo. Kwenye kununua waya kuwa macho: kwangua ncha kwa kisu. Ukiwa mwekundu hadi ndani ni shaba. Ukionyesha weupe chini ya rangi ni alumini iliyopakwa, na kwa hewa yetu ya chumvi maungio yake hayadumu.

Printa na kamera nazieleza pamoja kwa sababu ugonjwa wao ni mmoja. Ndani ya nyumba kila kifaa kina anwani. Ruta za laini mara nyingi hugawa zinazoanza na 192.168.8, visanduku vya faiba mara nyingi 192.168.100 au 192.168.1. Kifaa kilichofungiwa anwani ya zamani kwa mkono kinaendelea kuishi kwenye mtaa ambao haupo tena. Kimewaka, taa zinawaka, lakini hakuna anayekiona.

Kwa printa, unganisha upya kwenye waifai mpya kupitia kioo chake kidogo. Kama jina la mtandao halionekani kabisa, huenda printa inasoma 2.4 pekee na kisanduku kinatangaza 5, kwa hiyo tenganisha majina ya mawimbi hayo mawili. Kisha kwenye kompyuta ifute printa ya zamani na uiongeze upya, kwa sababu ile ya zamani inatuma kazi kwenye anwani iliyokufa. Hakikisha pia kompyuta na printa haviko kwenye mtandao wa wageni. Mtandao huo umetengenezwa makusudi vifaa visionane, na unafaa kwa wateja wako tu. Ukimaliza, ingia kwenye ruta uifungie printa anwani yake, ili umeme ukikatika na kurudi isipewe nyingine.

Kwa kamera, nenda kwenye mashine inayorekodi, fungua sehemu ya mtandao. Nadhani utakuta DHCP imezimwa, na lango (anwani ya ruta ambayo kifaa hutokea nje) limeandikwa 192.168.8.1, yaani ruta uliyoizima. Washa DHCP, au weka kwa mkono anwani kama 192.168.100.200, lango 192.168.100.1, na DNS (inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) 8.8.8.8. Hifadhi, iwashe upya, subiri dakika mbili, kisha angalia kama programu ya simu inaiona.

Na hiyo IP maalumu, yaani anwani ya nje iliyo yako peke yako? Usilipe kwanza. Laini za 4G karibu zote huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Kama kamera zilionekana kwa mbali ukiwa kwenye 4G, basi zilikuwa zinapitia huduma ya mtengenezaji, ile ya kupiga picha kibandiko cha QR, na huduma hiyo haihitaji IP maalumu hata kidogo. Inahitajika kwa mtu anayefungua milango ya ruta kuingia moja kwa moja, na hilo mimi nisingekushauri: mashine ya kamera yenye neno la siri la kiwandani, ikiwa wazi mtandaoni, huvamiwa upesi. Labda fundi hana nia mbaya, amejibu tu alichozoea kuwajibu wenye ofisi kubwa.

Umeme. Ruta ya zamani pengine ilikuwa na betri ndani, ya sasa haina. Uzuri ni kwamba boksi la nguzoni halitumii umeme, na kituo cha kampuni kwa kawaida kina betri au jenereta. Ukikiwasha kisanduku chako kwa betri, faiba inaendelea mtaa mzima ukiwa gizani. Nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba. Kabla ya kulipa soma adapta ya kisanduku: nyingi ni volti 12, ampea 1 au 1.5. Ukichomeka ya volti 9 haitawaka vizuri, na ukizidisha volti unaiua. Hesabu ya muda wa kukaa nayo: UPS iliyoandikwa 8,800 mAh, ikiwa ni kwa seli za volti 3.7, ina karibu wati-saa 32. Toa zinazopotea njiani, baki na kama 26. Kisanduku kinachokula wati 7 kitakaa saa tatu na nusu na zaidi kidogo. Muuzaji akikuahidi saa kumi, mwombe akuonyeshe hesabu.

Sasa ile sababu ya kutovuta kisanduku mwenyewe. Ndani ya ule waya mwembamba kuna kioo. Ukiukunja kona kali, chini ya mkunjo wa duara lenye upana wa sentimita sita hivi, mwanga unavuja na spidi inaanza kuyumba kabla haijakatika. Usiutundike msumarini, usiubane na mlango, na ncha yake usiifute kwa shati: chembe moja ya vumbi inatosha kuziba mwanga. Usiitazame ncha pia, mwanga wake hauonekani lakini unaweza kuumiza jicho. Kiungio cha kijani kinaingia kwenye cha kijani. Nimesisitiza kwa sababu kuna wanaolazimisha kijani kwenye cha bluu, mtandao unawaka, ila mwanga mwingi unapotea.

Afya ya kioo hicho ina namba. Kwenye ukurasa wa kisanduku, sehemu ya taarifa za mwanga, kuna kipimo cha mwanga unaopokelewa. Kati ya -15 na -24 dBm nisingehangaika. Kikifika -26 au -27 uko ukingoni: siku ya jua kali au mvua kubwa unaweza kukatika. Kama kampuni imeufunga ukurasa huo, mwombe fundi apime mbele yako na uandike namba. Mara nyingi tatizo ni kiungio kichafu au waya uliobanwa nguzoni, na hutengenezwa kwa nusu saa.

Mambo ya kumwita fundi bila kujaribu mwenyewe ni haya: taa ya LOS ikiwaka nyekundu, maana mwanga haufiki kabisa, taa ya PON (ya muunganisho na kituo) ikipepesa bila kutulia, waya wa nje ukining'inia au kukatwa na gari, na kila kinachohitaji kupanda nguzo au paa. Ukiwa na antena ya 4G juu ya bati, ishushe kabla ya mvua za Desemba kama huitumii. Waya wake wa shaba ni njia ya radi kuingia ndani, na huku pwani maungio yake huota kutu ya kijani hata hivyo.

Kurudi kwenye laini? Kwa mtu anayehamahama nyumba za kupanga, au anayefanya kazi Newala leo na Tandahimba kesho, laini inafaa kuliko faiba. Kwa steshenari isiyohama, yenye kamera na watoto wanaotumia mtandao, nisingerudi. Wala nisingepandisha kifurushi kwenda 40 sasa hivi: ukuta unaokupa 5 kwenye 20 utakupa 5 hiyohiyo kwenye 40, ila bili ndiyo itakayopanda. Laini ya zamani iache hai kwa bando dogo. Siku faiba ikikatwa na katapila wa barabara, unaiweka kwenye simu, unaigawia kompyuta ya dukani, na fomu za wateja zinaendelea.

Kama vipimo vya siku tatu vimeonyesha kweli kampuni inashuka usiku, usipige simu kulalamika kwamba "mtandao uko slo". Wape namba ya mteja, tarehe, saa, kipimo kwa waya, seva uliyotumia na kipimo cha mwanga, na usikate simu kabla hawajakupa namba ya tiketi. Usome pia mkataba: "hadi Mbps 20" si ahadi sawa na "Mbps 20", na uangalie kama kuna kikomo cha matumizi ambacho ukikivuka spidi inapunguzwa, maana hicho hujificha kwenye maandishi madogo. Wakikuzungusha, peleka malalamiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa maandishi ukiambatanisha namba za tiketi zote na jedwali la vipimo. TCRA watakuuliza kwanza kama uliwapa kampuni nafasi ya kurekebisha, na zile tiketi ndizo zitakazokujibia.